Kuku wa Mabati na Kanuni ya Sita

Mimi ni fundi wa mizani. Nazunguka masoko ya Emali, Malili na, mara moja kwa mwezi, Kanyangi, nikiwa na begi la bisibisi, springi za akiba na mawe ya kupimia. Kazi hii imenifundisha mengi kuhusu uaminifu wa watu, mengine nisiyotaka kuyajua. Mfanyabiashara akilalamika kwamba mizani yake imeharibika, ujue inampunja yeye. Ikimpunja mteja, haijaharibika, na mimi siitwi.

Shule niliiacha darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe kwa mpango, saa moja kila asubuhi kabla ya chai: kamusi, magazeti ya zamani, kitabu cha fizikia kisicho na jalada. Kwa hiyo katika ukoo wetu kukiwa na jambo la kuandikwa, barua kwa chifu au ombi la kuunganishiwa maji, naitwa mimi. Na ndiyo sababu dada yangu mkubwa aliniita alipoona nyumba yake inamponyoka.

Dada yangu ni mjane. Alijenga vyumba vinne vya wageni nyuma ya soko la Emali ili asirudi Kanyangi kuishi uani kwa mashemeji zake, ambao tangu mazishi wamekuwa wakimkumbusha kwa upole mwingi kwamba nafasi yake jikoni bado ipo. Mwanzoni mambo yalikwenda. Watalii wanaoelekea Loitokitok kuangalia tembo walishuka kwenye treni, wakalala, wakanywa chai yake, wakaendelea. Kisha akaja msichana mmoja wa ng'ambo aliyenunua asali barabarani.

Asali ya Kitui ina jina, na kitu chenye jina hakikosi mapacha. Muuzaji alimfanyia ule mtihani wa kiberiti: anachovya njiti ndani ya asali, anaipangusa, anaiwasha. "Ona, imewaka! Haina maji hata tone!" Msichana alifungua chupa jikoni kwa dada yangu, akaonja sukari iliyochemshwa ikaungua kidogo. Aliandika kwenye mtandao kwamba nyumba ni safi, lakini mji mzima ni wezi, na nyumba akaitaja kwa jina. Vyumba vikakaa vitupu tangu mvua za mwisho hadi kiangazi. Mashemeji wakapiga simu kuuliza hali.

"Wewe unayesoma kila kitu," dada yangu aliniambia, "niandikie karatasi nibandike kila chumba. Mgeni ajue wezi wangu wote kabla hajatoka nje. Akija mwingine aibiwe, mimi nafunga. Hapa patakuwa stoo ya mahindi, na mimi nitakuwa mpishi wa watu Kanyangi."

Niliifanya kazi hiyo kama ninavyofanya kazi zote. Kwanza nilirudia mtihani wa kiberiti nyumbani. Asali halisi iliwaka, sukari iliyochemshwa ikawaka, mafuta ya kupikia yakawaka. Kilichokuwa kikipimwa siku zote ni njiti. Kisha kwa wiki mbili nilikaa kwenye benchi ya fundi viatu, mkabala na mahali magari ya watalii yanaposimama, na daftari mapajani.

Utapeli, ukiutazama kwa utulivu, ni kazi ya kuchosha. Hauna ubunifu. Kulikuwa na yule anayeita kila mgeni "rafiki yangu wa juzi", ambaye juzi hakuwepo wala yeye wala mgeni. Kulikuwa na kijana mtanashati mwenye fomu ya kuchangia karo, ambayo tayari imejazwa majina kumi ya Wazungu wakarimu, yote kwa mwandiko mmoja. Kulikuwa na mwenye kamba ya shanga, anayekufunga mkononi na kusema ni zawadi. Ukisema asante, zawadi inapata bei. Na kulikuwa na mchonga vinyago, fundi kweli wa mikono, ambaye twiga wake wa mpingo walikuwa mti wa kawaida uliosuguliwa rangi ya viatu. Huyo alikuwa na ufundi wa pili. Mgeni akichagua twiga mzuri na kulipa, jamaa anasema, "Lete nikufungie vizuri asivunjike," anainama chini ya meza, na anayeinuka ndani ya gazeti ni twiga mwingine, mwenye mguu uliogundishwa.

Nilitoa kanuni saba, nikaziandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Sitazirudia zote. Ya kwanza ilisema mtu anayekujua kabla hujamwambia jina, hakujui. Ya tatu ilisema ukiharakishwa, mwenye haraka ni yeye, si wewe. Ya nne ilikuwa juu ya mashahidi: ukiona watu wanne waliosimama kando wote wanakubali kwamba bei ni nzuri, wahesabu kama muuzaji mmoja. Lakini niliyojivunia ni ya sita, na naiandika hapa neno kwa neno kwa sababu ndiyo iliyotuletea balaa: "Ukishalipa, ondoka na kitu chako mkononi. Atakayekuomba umrudishie, kwa sababu yoyote ile, anakutapeli." Hayo maneno "kwa sababu yoyote ile" niliyaongeza asubuhi ya mwisho. Niliona yanaziba mwanya.

Dada yangu aliisoma karatasi akiwa amesimama. "Kwani hapa kwetu hakuna mtu mzuri hata mmoja?"

"Wapo. Hao hawahitaji kanuni."

Mgeni aliyefuata alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Ulaya, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa, na Kiswahili chake kilitoka kitabuni, safi kuliko chetu sote. Alipanga kukaa siku nane. Aliisoma karatasi mara mbili, akaomba nakala, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Nilimpenda papo hapo. Ni nadra kuandika kitu kisha ukamwona mtu akikitii.

Kila jioni alirudi na ripoti. Alikuwa amemkataa rafiki wa juzi. Alikuwa ameomba kulinganisha mwandiko wa wale wafadhili kumi. Kwa mchonga vinyago alilowesha kidole kwa mate, akamsugua twiga, akamwonyesha mwenyewe kidole cheusi. Mchongaji alimtazama kwa heshima. "Wee mzee, wewe ni Mzungu wa wapi? Umezaliwa soko la Gikomba?"

Dada yangu alianza kuimba akifua mashuka. Siku nane zikiisha vizuri, mgeni angeandika, na huyu alionekana mtu wa kuandika mengi.

Jumapili mgeni aliomba kwenda kanisani na dada yangu, nami nikafuatana nao. Sikuona hatari. Nilikuwa nimechunguza barabara, sikuwa nimechunguza kanisa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, kwa kuwa hakuna asiyelijua. Baada ya ibada kunakuwa na mnada. Asiye na pesa ya sadaka huleta alicho nacho: boga, mayai, kisonzo, yaani kikapu kidogo, cha pojo, kuku. Vitu hivyo vinauzwa pale pale mbele ya madhabahu, na bei haina uhusiano wowote na sokoni, kwa kuwa unamtolea Mungu. Na anayemnunua kuku, akiwa mtu mwenye adabu, hamchukui. Husimama, husema "Namrudishia Bwana," watu hupiga makofi, na kuku huuzwa tena. Jumapili hiyo mnada ulikuwa wa kuchangia mabati ya paa la kanisa. Kuku aliyeletwa alikuwa wa mama kiongozi wa akina mama, kuku mwekundu, mtulivu sana kwapani, aliyezoea kelele. Alikuwa na sababu ya kuzoea. Kila Jumapili yenye mgeni, kuku wa mabati ni yeye. Ameuzwa mara nyingi kuliko shamba lenye kesi, na hajawahi kulala nje ya kwao.

Shemasi anayeendesha mnada ana kipaji. "Watu wa Mungu, mtazameni huyu kuku! Ameokoka. Hata akitaga, yai linatoka na ushuhuda. Nani anamtaka? Harakisheni, jua linapanda!"

Niliona mgeni akigeuza kichwa aliposikia "harakisheni".

"Rafiki yetu kutoka mbali," shemasi akaendelea, na hapo mgeni akagusa mfuko wa shati, "rafiki yetu tunayempenda, tunakujua una moyo mkubwa. Au sivyo, kanisa?"

"Ndivyo!" likajibu kanisa zima, mashahidi kama mia hivi.

Mgeni alicheka kidogo, peke yake. Nadhani alikwisha kuamua kwamba huu ni mnada wa kweli kwa kusudi jema, naye ni mtu mzima anayeweza kununua kuku kwa bei mbaya kwa hiari yake. Akataja bei iliyowafanya akina mama wapige vigelegele. Akalipa. Akapewa kuku, akamshika vizuri, mbawa zikiwa zimebanwa, kama mtu aliyesoma hilo nalo mahali fulani.

Shemasi akamsogelea na tabasamu. "Sasa, mgeni wetu, sema: Namrudishia Bwana."

"Samahani?"

"Unamrudisha. Tumuuze tena."

"Nimekwisha kumlipia."

"Ndiyo! Mungu akubariki sana. Sasa lete."

Mgeni alimhamishia kuku mkono wa kushoto, akachomoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua kwa meno na kidole, na mbele ya kanisa akasoma kanuni ya sita. Aliisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, akatua kidogo kabla ya "kwa sababu yoyote ile".

Kisha sauti ya mama mmoja ikatoka kwenye viti vya nyuma: "Hayo yameandikwa wapi? Waebrania?"

"Yameandikwa na yule," mgeni akasema kwa furaha, akininyooshea kidole. "Mwenye koti la kijivu."

Nimewahi kukamatwa sokoni nikidhaniwa kwamba nimechezea mizani ya mtu. Hata siku ile sikuona aibu kama hii. Mgeni akainamisha kofia, akatoka na kuku wake.

Alipita naye katikati ya mji, kwapani. Wauza asali waliacha chupa zao. "Mzungu, umeuziwa hiyo kuku ngapi?" Akawatajia. Walishikana mikono kwa kicheko. "Na sisi ndio wanatuita wezi! Haki, hebu tuende kanisa!"

Tulipofika nyumbani, mgeni alimfunga kuku kwenye mguu wa meza ya barazani kwa kipande cha leso, akamwekea maji kwenye kisahani. Dakika kumi baadaye mama kiongozi alikuwa mlangoni kwa nyuma na wenzake wawili, bado wamevaa vitambaa vyeupe vya kichwani.

"Mwaitu, karibu," dada yangu alisema, kwa lile neno tunalomwitia mama mwenye heshima.

"Sikuja kukaribia. Nimekuja kuchukua kuku yangu. Ako na watoto wiki mbili. Wanalia huko nyumbani kama mayatima."

"Lakini mwaitu, uliitoa sadaka."

"Nilitoa! Kwani nimesema sikutoa? Nilitoa ndiyo irudi." Akamgeukia mwenzake. "Huyu anajifanya hajui."

"Si mimi nimeichukua. Ni mgeni."

"Mgeni wako. Na karatasi ya ndugu yako." Alinitazama nikiwa nimesimama kando ya pipa la maji. "Wewe mtu wa mizani. Ati sisi ni matapeli? Mama yako tulimzika na nani?"

Walikuwa wamemzika wao.

"Basi sikiliza," akamwambia dada yangu. "Maziwa yako yanatoka kwangu. Kuni zako zinatoka kwa huyu. Mashuka yako yakijaa anafua huyu. Kuku isipofika nyumbani leo, tafuta maziwa Kanyangi."

Hawakujua walivyompiga mahali penyewe. Wakaondoka kusubiri chini ya ukuta wa jirani, ambapo kuna kivuli, na ambapo tungewaona vizuri.

Dada yangu alikaa kwenye kigoda. Nyumba yake ilikuwa imebanwa pande zote mbili. Akimwambia mgeni arudishe kuku, ni yeye sasa atakayekuwa yule mtu wa kanuni ya sita, na mgeni angeandika hivyo. Asiporudisha, hana maziwa, hana kuni, hana mfuaji, na nyumba ya wageni isiyo na chai ni stoo tu ya watu.

"Uliandika wewe," akaniambia. "Nenda ukafute."

Nilienda barazani, nikakaa mbele ya mgeni. Kuku alikuwa amelala kati yetu, mtulivu kama kawaida yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimweleza kwamba mnada wa kanisa si biashara. Kwamba kila mtu anajua kuku hurudishwa. Kwamba kinachonunuliwa ni nafasi ya kutoa.

"Kila mtu anajua?" akauliza.

"Kila mtu."

"Mimi niliambiwa?"

"Hapana."

"Wangeniambia kabla sijataja bei, ingepungua?"

Mimi ni mtu wa vipimo. "Pengine."

"Na ni kuku huyu huyu kila mara?"

"Kila Jumapili yenye mgeni."

Alikuwa na uso wa mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekaribia jibu. "Basi niambie, bwana, katika karatasi yako jambo hili linaitwaje?"

Nilipitia kanuni zangu zote saba kichwani. Urafiki wa ghafla, upo. Haraka, ipo. Mashahidi, wapo, na wanaimba. Nilitafuta tofauti kati ya shemasi na mchonga vinyago, nikapata moja tu: shemasi alikuwa akipata paa, na mchongaji chakula cha watoto, na sikuwa na hakika tofauti hiyo inamfaa nani. Ipo tofauti nyingine, naijua kama ninavyoijua lugha ya mama yangu, lakini haikukubali kuandikwa.

"Sijakasirika," mgeni akasema. "Nimefurahi sana. Karatasi yako ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote nilivyosoma tangu nishuke ndege. Mwambie dada yako amchinje huyu kuku, tumle pamoja, sote watatu. Ila sitaki kuona akichinjwa."

Nilimfungua kuku, nikampeleka jikoni, nikayarudia maneno yote kama yalivyosemwa. Dada yangu alinisikiliza akimwangalia yule kuku mwekundu. Kisha akaangalia nje, kwenye banda lake. Alikuwa na kuku mweupe, mtagaji wake bora, aliyemnunua mwenyewe Malili.

"Kuku akinyonyolewa ana rangi gani?" akaniuliza.

Nilielewa kabla hajamaliza. "Hiyo ni ile ya chini ya meza. Ni ile ile ya twiga."

"Ndiyo. Nimesoma kwa karatasi yako." Alikuwa ameshashika kisu. "Wewe peleka hii nyekundu kwa hao mama, upitie nyuma ya choo. Na manyoya nitakayotupa, uyazike."

Nilimpeleka. Mama kiongozi alimpokea, akamtia kwapani, na kuku akatulia pale kama mtu aliyerudi ofisini kwake baada ya mkutano. Niliyazika manyoya meupe nyuma ya mgomba, kwa kina cha jembe moja. Hata hilo nililifanya kwa utaratibu.

Tulikula jioni jua likiwa bado juu ya paa la stesheni. Dada yangu alipika kwa nazi na vitunguu vingi, kwa mkono wa mtu anayetetea maisha yake. Kwetu firigisi hupewa mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, na alimwekea mgeni. Mgeni alikuwa amesoma kuhusu hilo pia. Aliichukua kwa uma, akaivusha meza, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hii ni ya mwandishi," akasema. "Mtu pekee hapa ambaye hakujaribu kunidanganya."

Dada yangu aliinama kumimina supu. Niliitafuna ile firigisi kwa muda mrefu. Ilikuwa laini.

Aliondoka siku ya nane, na akaandika, kama tulivyotarajia, kurasa nzima: kwamba hii ndiyo nyumba ambayo mwenyeji hukuambia ukweli kabla hujauliza, kwamba karatasi ya ukutani peke yake inatosha kukuleta, na kwamba kuku wa hapo ni mtamu. Vyumba vinne havijakaa vitupu tena. Mashemeji wamepunguza simu. Maziwa yanakuja kila asubuhi, na mama kiongozi mwenyewe huyaleta, akichungulia kuona kama kuna mgeni wa Jumapili. Shemasi naye amejifunza: siku hizi kabla ya kumwita mgeni rafiki, humtazama mfuko wa shati.

Mara moja nilijaribu kuisahihisha karatasi. Nilitaka kuondoa "kwa sababu yoyote ile" na kuongeza kanuni ya nane, kuhusu vitu vinavyopelekwa jikoni. Dada yangu aliichukua kalamu mkononi mwangu. "Usiguse hata nukta. Hiyo ndiyo inayolisha hii nyumba."

Basi iko vile vile, ndani ya plastiki, kila chumba. Wageni wanaoisoma hupenda kukutana nami, na karibu wote huniuliza swali moja: katika hila zote hizi, ni ipi iliyo ngumu kugundua? Naweka begi langu chini, nafikiri kidogo, kama mtu anayepima. Kisha nawaambia ni asali.